Leseni ya mshauri wa jenetiki nchini Marekani: namna ya kuiomba, kuitunza na kuijua mipaka yake

Mshauri wa jenetiki ameketi ofisini kwake Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, na kwenye kioo cha kompyuta anaonekana mama wa makamo anayetaka kuzungumzia saratani ya matiti iliyowapata dada zake wawili. Wanasalimiana, wanajuliana hali, na kabla ya kuanza kuchora ukoo mshauri anauliza swali ambalo mtu wa nje angelidhani ni la adabu tu: "Leo uko wapi, mama?" Mama anajibu kwamba tangu juzi yuko kwa binti yake Camden, ng'ambo ya mto Delaware, anamsaidia kulea kichanga. Camden iko New Jersey. Ikiwa mshauri ana leseni ya Pennsylvania pekee, na sheria ya New Jersey haimpi msamaha wowote, hana budi kuahirisha kikao hicho mpaka mama arudi nyumbani, ingawa ni mwendo wa kuvuka daraja tu. Kwa mujibu wa sheria, huduma hutolewa pale alipo mgonjwa, wala si pale ilipo ofisi ya anayemhudumia.

Nimeanza na swali hilo kwa makusudi. Wahitimu wengi huanza safari ya leseni kwa kupakua fomu, wakaijaza, wakalipa ada, kisha ndipo wakagundua kwamba walihitaji leseni ya jimbo jingine, au leseni mbili, au leseni ya muda kwanza. Nakushauri uanze upande wa pili. Kabla hujagusa fomu yoyote, andika kwenye karatasi majimbo ambamo wagonjwa wako watakuwa wameketi wakati unazungumza nao. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ni sheria zipi unapaswa kuzisoma, na mambo mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana nayo.

Kwa nini jimbo, na si taifa

Marekani haina leseni moja ya kitaifa kwa taaluma za afya. Mamlaka ya kuamua nani anaruhusiwa kutibu na kushauri yamo mikononi mwa majimbo, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kulithibitisha jambo hilo mwaka 1889 katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia, iliyomhusu tabibu aliyezuiwa kufanya kazi kwa sababu hakutimiza sifa zilizowekwa na jimbo. Washauri wa jenetiki waliikuta njia hiyo ikiwa imekwisha kuchongwa. Taaluma yao yenyewe ni changa: jina lake lilibuniwa na Sheldon Reed mwaka 1947, programu ya kwanza ya shahada ya uzamili ilianzishwa katika chuo cha Sarah Lawrence mwaka 1969, na chama chao cha kitaifa, kijulikanacho kwa herufi NSGC, kiliundwa mwaka 1979.

Leseni zilichelewa zaidi. California ilipitisha sheria yake mwaka 2000, lakini kanuni za kuitekeleza zilichukua takriban muongo mzima kukamilika, na ndiyo maana Utah, iliyopitisha yake mwaka 2001, ndiyo inayohesabiwa kuwa jimbo la kwanza kutoa leseni kwa washauri wa jenetiki, mwaka 2002. Baadaye majimbo mengine yakafuata moja moja: Pennsylvania mwaka 2011, Virginia mwaka 2014, Florida mwaka 2021, na leo majimbo yenye sheria za aina hii yamezidi 30. Mfano wa California ubaki kichwani mwako, kwa sababu bado unajirudia kwingine. Gavana kutia saini sheria na jimbo kuanza kupokea maombi ni mambo mawili tofauti, na kati yake panaweza kupita miezi au miaka. Ukisikia kwamba jimbo fulani limepitisha sheria, uliza tarehe mbili: sheria inaanza lini kutumika, na ni lini itakuwa kosa kufanya kazi bila leseni.

Ithibati, cheti na leseni

Maneno haya matatu huchanganywa hata na watu walio ndani ya kazi, na kuyachanganya huleta hasara ya fedha na muda. Ithibati ni ya programu ya masomo, na hutolewa na baraza liitwalo ACGC kwa programu zilizokidhi viwango vyake. Cheti ni cha mtu binafsi, na hutolewa na Bodi ya Marekani ya Ushauri wa Jenetiki, yaani ABGC, kwa aliyehitimu programu yenye ithibati na kufaulu mtihani. Leseni ni ruhusa ya jimbo. Karibu kila jimbo lenye sheria huegemea juu ya yale mawili ya kwanza: halikutungii mtihani wake wa jenetiki, bali linataka uthibitisho kwamba umeufaulu ule wa ABGC.

Mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, una maswali 200 ya kuchagua jibu, ambapo 170 ndiyo yanayohesabiwa katika alama, na hutolewa mara mbili kwa mwaka. Anayefaulu huruhusiwa kuandika herufi CGC baada ya jina lake. Herufi hizo ni za cheti. Majimbo mengine yana herufi zake kwa wenye leseni, na sheria hueleza ni zipi, kwa hiyo usijiongezee herufi ya leseni kwa kuiga kadi ya mwenzako aliye jimbo jingine.

Utakaposoma sheria za majimbo utaona nyingi zinataja bodi mbili za vyeti na si ABGC peke yake, na usidhani ni makosa ya uchapishaji. Kabla ya mwaka 1993, ABGC ilipoanzishwa, washauri wa jenetiki walikuwa wakifanyiwa mtihani na bodi ile ile iliyowafanyia madaktari wa jenetiki. Wako watu walioanza kazi wakati huo ambao cheti chao kilitoka huko, na watunga sheria walitaka wasiachwe nje.

Soma sheria kabla ya fomu

Hapa nakuomba upunguze mwendo, kwa maana hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka na ndiyo inayowaumiza baadaye. Fomu inakuambia ulete nini. Sheria inakuambia utakuwa nani ukishapewa leseni.

Kwanza tafuta msimamizi ni nani, kwa sababu hakuna mpangilio mmoja. Massachusetts ina bodi maalumu ya washauri wa jenetiki. Virginia imewaweka chini ya bodi ya udaktari, pamoja na kamati ya ushauri ya wanataaluma wenyewe. Ohio nayo imewaweka chini ya bodi ya udaktari. California imeikabidhi kazi hiyo idara yake ya afya ya umma, Washington idara yake ya afya, na Illinois idara inayosimamia fedha na taaluma kwa pamoja. Pennsylvania ina bodi mbili za udaktari, na mwaka 2011 ilipitisha sheria mbili zinazofanana, moja kwa kila bodi. Ukishaijua ofisi, tafuta vitu viwili kwenye tovuti yake: sheria, ambayo ilipitishwa na bunge la jimbo, na kanuni, ambazo ofisi yenyewe imezitunga chini ya sheria hiyo. Sheria mara nyingi ni fupi. Mambo ya saa za mafunzo, ada na muda wa mwisho yamo kwenye kanuni.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye kifungu kinachofafanua maana ya ushauri wa jenetiki, ukatafute vitenzi. Kitenzi kilichotumika kuhusu vipimo vya maabara ndicho kitakachoamua siku yako ya kazi itakavyokwenda. Sheria moja itasema mshauri anaruhusiwa kuagiza vipimo vya vinasaba. Nyingine itasema anaruhusiwa kuvibaini na kuviratibu. Nyingine itasema anaruhusiwa kuvipendekeza. Tuseme umemaliza kikao na yule mama wa Philadelphia, mmekubaliana apimwe jeni za BRCA1 na BRCA2, na mbele yako iko fomu ya maabara yenye nafasi moja ya saini juu ya maneno "mtoa huduma anayeagiza". Penye neno kuagiza, unatia saini yako na sampuli inaondoka siku hiyo hiyo. Penye neno kuratibu au kupendekeza, saini hiyo ni ya daktari au mtaalamu mwingine anayetambuliwa na sheria, na ukiitia wewe umevuka mpaka, hata kama umefanya hivyo kwa miaka mitano katika jimbo ulilotoka na hata kama maabara haikuuliza. Nimewaona washauri wazuri sana, wenye moyo na wagonjwa wao, wakishtuka kuambiwa hivyo, kwa sababu walichokisoma kilikuwa fomu ya maabara na si sheria ya jimbo.

Endelea na kifungu hicho mpaka mwisho. Kuna majimbo yanayoruhusu kuagiza kwa sharti la kuwapo mkataba wa maandishi wa ushirikiano na daktari. Kuna sheria zilizotaka mgonjwa awe amepewa rufaa kabla hujamwona. Na karibu zote zina mstari unaosema kwamba leseni hii haimruhusu mwenye nayo kutambua ugonjwa wala kutibu. Mstari huo usikuogopeshe, bali ukufundishe namna ya kuandika ripoti: kueleza kwamba badiliko lililopatikana katika jeni linaongeza hatari ya saratani ni kazi yako, lakini uamuzi wa upasuaji au dawa unabaki kwa daktari.

Soma pia vifungu ambavyo havifanani na vya jimbo jingine lolote. Sheria ya Virginia, kwa mfano, inamruhusu mshauri kutoshiriki katika ushauri unaopingana na imani yake ya kina ya kimaadili au ya kidini, mradi amjulishe mgonjwa na kumwelekeza kwenye orodha ya washauri wenye leseni inayotunzwa na bodi. Kifungu hicho kilizua mabishano makali wakati wa kupitishwa, na chama cha taaluma kilikipinga. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa hapaswi kuachwa katikati ya mimba yenye maswali mazito akijitafutia mtu mwingine kwenye orodha. Lakini hata anayekubaliana na kifungu hicho analazimika kufahamu kwamba kina masharti, na kwamba kunyamaza kimya kuhusu jambo ambalo mgonjwa alipaswa kuambiwa si mojawapo ya mambo kinachoyaruhusu.

Mwisho, tazama misamaha. Kwa kawaida sheria hizi haziwagusi madaktari na wauguzi wanaofanya kazi ndani ya leseni zao wenyewe, wanafunzi walio chini ya usimamizi, na mara nyingi wafanyakazi wa serikali ya shirikisho. Baadhi humruhusu mshauri wa jimbo jingine kuja kwa siku chache kwa mwaka. Msamaha ni kitu chembamba, kwa hiyo usiusome kwa matumaini. Usome kama anavyousoma mwanasheria wa upande wa pili.

Kuandaa maombi

Sasa fungua fomu. Utakuta vitu vinavyoombwa ni vile vile kwa sehemu kubwa: uthibitisho wa shahada ya uzamili, uthibitisho wa cheti cha ABGC, taarifa za leseni ulizowahi kuwa nazo, maswali kuhusu makosa ya jinai na nidhamu, na ada ambayo kwa kawaida hairudishwi. Tofauti iko kwenye namna vinavyopaswa kufika.

Kanuni muhimu kuliko zote ni kwamba nyaraka za uthibitisho hutumwa na aliyezitoa moja kwa moja kwa ofisi ya leseni. Chuo ndicho kinachotuma matokeo yako, na ABGC ndiyo inayothibitisha cheti chako. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka matokeo yangu kwa mkono, kwa kuwa ofisi ilikuwa karibu na nilitaka kuokoa wiki moja. Bahasha ilikuwa na muhuri wa chuo kwenye ukingo wa kifuniko, na mimi, kwa wasiwasi wa kuhakikisha kwamba karatasi sahihi imo ndani, nilikuwa nimeinyanyua pembe ya kifuniko hicho kwa ukucha. Karani aliipindua bahasha, akapitisha kidole juu ya muhuri uliochanika, akanirudishia bila kuifungua. Ile wiki niliyotaka kuiokoa ikawa wiki tano. Tangu siku hiyo nawaambia wote: agiza itumwe, kisha keti mbali nayo.

Jambo la pili ni jina. Mwombaji ambaye pasipoti yake ina majina matatu, cheti chake cha chuo kina mawili, na ABGC inamjua kwa jina la ndoa, ni watu watatu machoni pa karani. Chagua jina moja la kisheria, lile lililo kwenye kitambulisho chako cha serikali, na uliambatanishe na hati inayoeleza tofauti, kama vile cheti cha ndoa au amri ya mahakama, kabla hujaulizwa. Namba ya Hifadhi ya Jamii nayo huombwa karibu kila mahali, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayataka majimbo yaikusanye kwa ajili ya kufuatilia malipo ya matunzo ya watoto. Kama huna, uliza ofisi kwa maandishi inapokea nini badala yake, na usiache nafasi wazi.

Ukiwahi kupewa leseni katika jimbo jingine, hata kama iliisha muda zamani, itaje na uombe jimbo hilo litume barua ya uthibitisho. Baadhi ya ofisi zitakutaka pia ujiombee taarifa zako kutoka kwenye Hazina ya Taifa ya Takwimu za Watoa Huduma, inayojulikana kwa herufi NPDB, ambayo huhifadhi kumbukumbu za hatua za kinidhamu na malipo ya madai ya uzembe. Kwa maswali ya jinai na nidhamu, jibu kweli tupu. Kosa la zamani lililoelezwa kwa ukurasa mmoja, pamoja na hati za mahakama, mara nyingi hupita; kosa dogo lililofichwa hugeuka kuwa udanganyifu katika maombi, na udanganyifu ni sababu ya kunyimwa leseni peke yake.

Yapo pia masharti ya jimbo ambayo hayahusiani na jenetiki hata kidogo. Pennsylvania inamtaka mwombaji awe amepata mafunzo ya saa 3 ya kutambua na kutoa taarifa za unyanyasaji wa watoto, na mwenye leseni awe na bima ya dhima ya kitaaluma isiyopungua dola 1,000,000 kwa kila tukio. Kwingine wanataka alama za vidole. Mambo haya yana foleni zake, kwa hiyo yaanze mapema kuliko maombi yenyewe.

Na tarehe ya kuanza kazi isikutangulie. Mwajiri akikupa barua ya ajira, omba iandikwe kwamba utaanza kuona wagonjwa baada ya leseni kutolewa. Kupokelewa kwa maombi si leseni. Ruhusa huanza pale namba yako inapoonekana kwenye daftari la umma la jimbo, na ni jambo jema kuchapisha ukurasa huo wenye tarehe na kuuweka kwenye faili lako.

Kipindi cha kusubiri mtihani

Mhitimu anayemaliza masomo leo hana cheti bado, na mtihani hautolewi kila mwezi. Kwa ajili hiyo majimbo mengi yana leseni ya muda, ambayo Ohio huiita leseni ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Ili kuipata, kwa kawaida unahitaji ABGC iwe imekutambua rasmi kuwa mtahiniwa anayestahili, na uwe na msimamizi mwenye leseni kamili ambaye amesaini mkataba nawe. Soma maneno kuhusu usimamizi kwa makini: jimbo moja hutaka msimamizi apitie kesi zako kwa vipindi maalumu, jingine huruhusu daktari kuwa msimamizi, jingine halimruhusu.

Linalowakamata wengi ni mwisho wake. Leseni ya muda katika majimbo mengi hufa ukishindwa mtihani, au hubaki hai kwa muda mfupi tu baada ya matokeo, na huenda isihuishwe zaidi ya mara moja. Mwambie mwajiri wako jambo hili kabla, ukiwa bado na moyo mtulivu, mpange ni kazi gani zisizohitaji leseni utakazofanya iwapo matokeo hayatakuwa mazuri. Mazungumzo hayo ni magumu zaidi yakifanywa siku ya matokeo.

Wagonjwa wa majimbo mengi

Ushauri wa jenetiki ni kazi ya mazungumzo, na kwa sababu hiyo umehamia kwenye simu na video kwa urahisi kuliko taaluma nyingi za afya. Washauri wanaofanya kazi maabara au katika kampuni za huduma za mbali huwa na leseni za majimbo mengi kwa pamoja. Wakati wa janga la UVIKO-19 majimbo mengi yalilegeza masharti kwa muda, na wapo walioizoea hali hiyo mpaka leo, ilhali ulegezaji huo umekwisha.

Kwa hiyo lifanye lile swali la mwanzo kuwa sehemu ya kila kikao, na uandike jibu lake kwenye kumbukumbu za mgonjwa pamoja na tarehe. Kuuliza anwani ya nyumbani hakutoshi. Mwulize yuko wapi sasa hivi. Ukiwa na leseni nyingi, tengeneza jedwali lenye safu chache tu: jimbo, namba ya leseni, tarehe ya kuisha, kama unaruhusiwa kuagiza vipimo, kama unahitaji mkataba wa ushirikiano. Jedwali hilo liwe mbele yako unapopanga miadi, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani huchanganya majimbo yanayopakana.

Mahali alipo mgonjwa hubadilisha hata majibu unayompa. Mama akiuliza kama kampuni ya bima ya maisha inaweza kuyatumia matokeo ya kipimo chake, sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 ya kuzuia ubaguzi kwa misingi ya taarifa za jenetiki, iitwayo GINA, haimsaidii, maana inahusu bima ya afya na ajira, na haikugusa bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya muda mrefu. Florida ilipitisha sheria yake mwaka 2020 kuhusu aina hizo tatu za bima. Mshauri anayejibu swali hilo kwa jibu la jimbo lake mwenyewe, wakati mgonjwa anaishi jimbo jingine, amempa mtu taarifa ambayo ataitumia kuamua kupimwa au kutopimwa. Ni jambo zito. Ndiyo maana siioni leseni ya kila jimbo kuwa karatasi ya ziada ya kulipia. Inakulazimisha ujifunze mahali ambapo mgonjwa wako anaishi.

Kuhuisha

Utakuwa na saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Cheti cha ABGC kina mzunguko wa miaka 5, na leseni ya jimbo ina mzunguko wake, ambao huwa mfupi zaidi. Mara nyingi saa zile zile za mafunzo endelevu hukubaliwa pande zote mbili, ila hesabu ya kipindi hutofautiana: saa ulizopata mwezi mmoja kabla ya kipindi cha jimbo kuanza huhesabiwa kwenye cheti lakini si kwenye leseni. Hifadhi hati za mafunzo hata baada ya kuhuisha, kwa sababu ofisi nyingi hukuamini kwa tamko lako kwanza na kukagua baadaye. Ukihama nyumba, toa taarifa ndani ya siku zilizotajwa na kanuni. Barua ya ukaguzi iliyokwenda kwenye anwani ya zamani huhesabiwa kuwa imekufikia.

Malalamiko yakifika

Malalamiko yanaweza kuletwa na mgonjwa, mwajiri au mwenzako, na barua ya kwanza huwa ya maswali tu, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Usijibu usiku ule ule. Ijulishe kampuni ya bima yako ya dhima, ambayo mara nyingi hulipia wakili wa masuala ya leseni, na usibadilishe hata neno moja kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Ukiadhibiwa, hata kwa onyo, habari huandikwa kwenye daftari la umma, na majimbo mengine uliyo na leseni huwa na kanuni inayokutaka uyajulishe wewe mwenyewe. Kutoyajulisha ni kosa jipya.

Jimbo lisilo na sheria, na suala la malipo

Pale ambapo jimbo halijapitisha sheria ya leseni, waajiri hutegemea cheti cha CGC, na mtu yeyote anaweza kujiita mshauri wa jenetiki bila kuvunja sheria ya taaluma hiyo, kwa sababu sheria yenyewe haipo. Sheria ya udaktari, hata hivyo, ipo, na inakuzuia kutambua ugonjwa na kutibu. Muswada ukiwasilishwa katika jimbo lako, usome vitenzi vyake wakati bado vinaweza kubadilishwa: kamati za bunge hupokea maoni, na baada ya sheria kupita, kanuni hutangazwa kwa umma kabla ya kuwa rasmi. Tazama pia kama umewekwa mlango wa muda kwa waliofanya kazi miaka mingi bila cheti, na unafungwa lini.

Kuhusu malipo, leseni husaidia lakini haitoshi. Kuna msimbo maalumu wa kudai malipo ya huduma hii, 96041, uliochukua nafasi ya 96040 mwanzoni mwa mwaka 2025, na bima binafsi nyingi hutaka leseni kabla ya kumsajili mshauri. Medicare, bima ya shirikisho ya wazee, bado haiwatambui washauri wa jenetiki kuwa watoa huduma wanaoweza kudai malipo kwa jina lao, na muswada wa kulibadilisha hilo uliwasilishwa Bungeni mwaka 2019 na tena mwaka 2021 bila kuwa sheria.

Unapoondoka jimboni

Leseni usiyoihitaji tena usiiache ife yenyewe. Majimbo mengi yana hadhi ya kutotumika, ambayo unaiomba kwa fomu fupi na ambayo ni rahisi kuirejesha hai kuliko leseni iliyokwisha muda. Kabla ya kuiomba, hakikisha huna mgonjwa wa jimbo hilo anayesubiri majibu kutoka maabara, kwa maana kumpigia simu kumweleza majibu hayo nako ni kutoa huduma pale alipo. Panga ni mshauri gani mwenye leseni atakayempokea, mwambie mgonjwa jina la mtu huyo, na andika siku uliyomwambia.